Simulizi za Mara ya Pili

4 Machi

Siku ya saba tangu nifungwe hogo. Plasta inaanzia vidoleni mwa mguu wa kushoto hadi chini ya goti, na ndani yake kuna mahali panawasha ambapo hata sindano ya mama ya kufumia haifiki. Daktari amesema wiki sita. Wiki sita bila kuigiza, kwa sababu pale sokoni Mkuyuni nilirudi nyuma hatua moja zaidi ya tulivyofanya mazoezi, na jukwaa letu ni meza nne zilizofungwa kamba. Watu walipiga makofi. Walidhani kuanguka ni sehemu ya igizo.

Leo amekuja Jovinary, kiongozi wa kikundi chetu. Amekunywa chai, akauangalia mguu, akasema, "Noela, si umekaa tu? Nina kazi ya mtu wa kukaa."

Kazi yenyewe ni hii. Miaka ya sabini na themanini kiwanda kimoja cha kuchambua pamba hapa Mwanza kilikuwa na kikundi cha utamaduni kilichojulikana kanda nzima. Wanaume wa kikundi kile wameandikwa majina, na picha zao, katika kitabu cha kumbukumbu cha kiwanda. Wanawake wameandikwa "na wengineo". Wako hai watatu. Jovinary anataka niwarekodi, niandike maisha yao, tutoe kijitabu na kuwasomea watu mwishoni mwa Mei mvua zitakapopungua.

Nimekubali kwa sababu sina la kufanya. Naandika hivyo ili nisije nikajisifu baadaye.

7 Machi

Mvua kutwa. Nimeanguka uani mara moja, safari hii bila watazamaji.

9 Machi

Wa kwanza ni Bibi Dorcas, na anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu! Miaka yote namjua kama fundi anayepunguza sketi za shule. Kumbe alishona mavazi ya kikundi kwa miaka kumi na moja. Ni Mjita wa Majita, miaka sitini na nane, mdogo wa umbo, na akiongea anaangalia sindano tu.

"Sikuigiza hata siku moja," alisema. "Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na pini mdomoni. Sasa sijui unataka nini kwangu."

Nilimwambia namtaka yeye. Akacheka, akasimulia saa mbili. Walivyotengeneza taji la mfalme kwa mabati ya debe la mafuta. Jinsi waigizaji walivyotoka zamu wakiwa na nyuzi za pamba kwenye nywele, yeye akiwachambua mmoja mmoja kama kuku kabla hawajapanda jukwaani. Igizo lao kubwa liliitwa *Shauri la Ng'ombe Kumi*, la msichana Kabula anayekwenda barazani kwa mtemi kuikataa mahari yake mwenyewe. Kabula alikuwa Dorotea. Halafu, mwaka 1983 walipokwenda kwenye mashindano Dar es Salaam kwa treni, Kabula akawa Modesta.

"Kwa nini?"

"Dorotea aliumwa. Malaria." Akakata uzi kwa meno. "Lakini tulipendana sana. Tulikuwa kama ndugu."

Mama, aliyekuwa mkunga miaka thelathini, amenisikiliza jioni nikimsimulia. Akashangaa kwa Kihaya chake, "Ee waitu, unamhoji mshona mapazia. Mimi niliyezalisha nusu ya Mkuyuni nipo hapa jikoni, hakuna aliyeniuliza kitu."

13 Machi

Kirumba, kwa Bibi Dorotea Luhende. Nyumba yake iko juu kwenye mawe, na harufu ya dagaa kutoka soko la Mwaloni inapanda ngazi pamoja na wewe. Nilihesabu ngazi arobaini na sita kwa magongo. Alikuwa amesimama mlangoni akinitazama ngazi zote arobaini na sita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Usikae kiti hicho, ni changu."

Ana miaka sabini na minne na mgongo ulionyooka kama wa askari. Anaishi na bintiye Paskazia, mwenye kizimba cha dagaa huko Mwaloni. Aliniuliza kama nimesomea uigizaji. Nikasema ndiyo, miaka miwili. "Sisi tulisomea kwenye mashine ya pamba," akasema. "Ukiweza kumfanya mtu akusikie pale, utasikika popote."

Alisimulia vizuri mno. Kila tukio lilikuja na mwanzo wake, kicheko chake na mwisho wake, kama kitu kilichopigwa pasi. Nilipouliza habari za Dar es Salaam, alisema, "Niliumwa, sikwenda." Nikauliza habari za Modesta. "Tulikuwa kama ndugu. Andika hivyo."

Nimeandika hivyo. Simpendi sana huyu bibi.

14 Machi

Mvua.

16 Machi

Mvua, na umeme hakuna. Ningepaswa kuhamishia rekodi kwenye kompyuta ya Jovinary. Kesho.

20 Machi

Kesho.

23 Machi

Naandika kwa kalamu ya mama. Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi nilivuka Kigongo hadi Busisi kwenda kwa Bibi Modesta, upande wa Sengerema. Kivukoni watu walinipisha kwa sababu ya hogo, nikapata kiti dirishani, nikaangalia nguzo za daraja jipya zikipita. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Bibi Modesta ana miaka sabini, Msukuma mnene mwenye sauti laini, mihogo yake imezunguka nyumba hadi dirishani. Aliniita "mjukuu wane" tangu salamu ya kwanza, akanilisha viazi na maziwa ya mgando, akaimba wimbo wa Kabula mwanzo hadi mwisho, macho kayafumba. Anasema "kurara" na "jukwaa ra mbere", na sikutaka anyamaze. Yeye pia alisema, "Dorotea aliumwa." Yeye pia alisema, "Tulikuwa kama ndugu."

Watu watatu, maneno yale yale. Nilikuwa nikiwaza hilo wakati wa kurudi.

Mvua ilikuwa imeanza. Nilikuwa na simu mkononi na spika moja sikioni, nasikiliza ule wimbo tena. Tulipofika Kigongo nikashuka na wengine. Bati la kushukia lilikuwa na utelezi, pikipiki ikapiga honi nyuma yangu, gongo la kulia likateleza. Mkono ukachagua wenyewe. Ulishika chuma cha pembeni na ukaachia simu.

Ilisema *chubwi*. Sauti ndogo kabisa.

Mama mmoja mwenye ndoo ya ndizi aliniinua, akaniuliza kama nimeumia. Nikasema ndiyo. Akauliza wapi, nikamwonyesha maji. Rekodi zote tatu zilikuwa humo. Saa saba na dakika kadhaa za wanawake watatu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza kitu. Nilichokuwa nimekwisha kuandika ni kurasa kumi na moja za Bibi Dorcas, basi. Hakuna wa kumlaumu, si mvua, si kivuko, si pikipiki. Nilikuwa na siku kumi na nne za kufanya kazi ya dakika kumi.

24 Machi

Jumapili ya Matawi. Sikwenda kanisani. Mama amerudi na tawi, akaliweka juu ya hogo langu, akaenda kupika.

26 Machi

Nimemwambia Jovinary. Akasema, "Andika unachokumbuka. Palipo na pengo, jaza. Wewe ni mwigizaji, unajua sauti zao. Wale bibi hawatagundua."

Nimejaribu leo kutwa. Nimeandika kurasa nne za Dorotea, na ni nzuri kweli, na katika kurasa hizo Dorotea anaongea kama mimi. Nimezichana.

28 Machi

Nimepanda zile ngazi tena. Alikuwa mlangoni kama mara ya kwanza, na nilianza kusema kabla sijafika juu, kwa kuogopa nisije nikageuka.

"Bibi, nimepoteza rekodi yako. Simu imezama ziwani. Ni uzembe wangu, nilikuwa na muda wa kuihifadhi, sikufanya."

Nikafika ngazi ya mwisho.

"Yote?"

"Yote, bibi. Yako na ya wenzako."

Akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika fremu ya mlango, na Paskazia akatoka ndani na mwiko mkononi kuona kuna nini. Nilisimama kwenye mvua, sijui nilie au nicheke.

"Ingia," akasema mwishowe. "Ulichopoteza si kitu. Nilikupa ile ya wageni."

"Ya wageni?"

"Kwenu hakuna vikombe vya wageni? Ni vizuri, havina ufa, na mwenye nyumba havinywei hata siku moja." Akamtazama bintiye akirudi jikoni, akashusha sauti. "Njoo baada ya Pasaka. Paskazia akiwa sokoni."

Kisha akanionyesha kiti. Kile chake.

31 Machi

Pasaka. Pilau, mvua, misa ndefu. Nimekula kupita kiasi na nimesamehewa na Mungu, nadhani.

3 Aprili

Simu ya kuazima kwa Jovinary. Nilipotoka Kirumba nilipitia moja kwa moja kwake, nikahamishia rekodi kwenye kompyuta, kisha kwenye flashi mbili. Sasa naandika sehemu ile tu, kwa maneno yake, kwa sababu tangu mchana haijanitoka.

"Nilikuwa nimepoteza mimba mbili. Ya tatu iliingia mwaka ule wa mashindano. Mzee Luhende, mume wangu, alikuwa dereva wa malori, wiki nzima hayupo. Nilimwambia Modesta peke yake, kwa sababu ndiye tuliyekuwa tukitembea naye kurudi nyumbani baada ya mazoezi. Nikamwapisha. Siku tatu kabla ya safari nikaona damu. Kidogo. Unajua nilifanya nini? Nilifunga kitambaa, nikaenda mazoezini, nikaigiza Kabula kama sijawahi kumwigiza. Watu walilia. Nilijua kabisa safari ile ya treni ingenimalizia mtoto. Nilijua, mjukuu wangu. Na nilikuwa nimekwisha kupanga sanduku.

"Kesho yake mzee Yakobo, kiongozi wetu, akaniita. Akasema tumepata taarifa kuhusu hali yako, huendi. Taarifa! Nilimwambia mtu mmoja tu duniani. Na ni nani aliyepewa nafasi yangu? Mtu yule yule. Walirudi na ushindi wa pili. Modesta akaja hadi kitandani kwangu, hospitali ilikuwa imenilaza nisinyanyue hata kikombe. Akasema, shikamoo dada. Nikageukia ukutani. Hadi leo sijaitikia."

Nikamuuliza kama bado ana hasira.

Alitazama mlango. Mvua iligonga bati, ikapumzika, ikagonga tena.

"Paskazia alizaliwa Desemba," akasema. "Unaona shida yangu? Kila nikimwona anavuka mlango huu, najua kwamba niliyemchukia ndiye aliyemwokoa, na mimi mama yake nilitaka jukwaa kuliko yeye. Sasa hasira hiyo niipeleke wapi? Niliiacha kwa Modesta. Huko ilikuwa na mahali pa kukaa."

Nilimuuliza kama niandike hilo. Akasema, "Nitamwambia Paskazia mwenyewe kwanza. Akishajua yeye, andika."

Nimeandika juu kwamba simpendi. Sitafuta. Lakini ibaki na tarehe yake.

4 Aprili

Mvua.

9 Aprili

Hogo limekatwa! Mguu uliotoka humo ni mwembamba, wa kijivu, una nywele kama wa mtu mwingine. Mama ameukanda kwa mafuta, kisha akasema, bila kuombwa, jinsi alivyomzalisha mama mmoja ndani ya mtumbwi kule Muleba. Nimewasha simu ya kurekodi chini ya meza.

12 Aprili

Bibi Dorcas. Nilimweleza kwamba rekodi zimepotea, na kwamba mwenzake mmoja amenirudia kwa habari tofauti kidogo. Sikumwambia habari gani. Cherehani ikasimama.

"Dorotea amekuambia?"

"Ameniambia yake, bibi. Mimi nimekuja kwa ajili ya yako."

Alinyanyuka, akafunga mlango wa mbele, ingawa wateja hawakuwepo kwa mvua ile. Aliporudi hakushika sindano. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mikono yake mitupu, na yeye mwenyewe ilimsumbua, akaiweka chini ya mapaja.

"Baada ya mazoezi yale ya mwisho nilikusanya mavazi kwenda kufua. La Kabula lilikuwa kitenge cha rangi ya udongo, halionyeshi kitu upesi. Lakini mfuaji anajua. Nililiona. Mama yangu alikufa kwa kutokwa na damu namna ile, nikiwa na miaka tisa, nikimshika kichwa. Nikaacha maji yamejaa kwenye beseni, nikaenda kwa Yakobo mbio, miguu mitupu. Nikamwambia, huyu ukimpandisha treni utamrudisha kwenye sanda. Nikamwomba asinitaje. Nilikuwa mshonaji tu, Dorotea alikuwa nyota. Niliogopa angenifukuzisha."

"Kwa hiyo si Modesta."

"Modesta hakufungua mdomo."

"Na hujawahi kusema."

"Nilitaka kusema mwezi ule. Kisha nikasema mtoto azaliwe kwanza. Kisha Modesta akaolewa Sengerema, nikasema yameisha. Ikapita miaka miwili, ikapita kumi. Kila mwaka ulivyoongezeka ndivyo neno lilivyozidi kuwa zito, hadi nikaona nitakufa nalo tu." Alinitazama, na hilo pia lilikuwa mara ya kwanza. "Nakutana na Dorotea misa ya pili kila Jumapili. Ananiuliza habari za macho yangu. Ananipenda. Unajua ni adhabu gani kupendwa hivyo?"

13 Aprili

Sasa najua jambo ambalo si langu. Nikimwambia Dorotea, nimemwibia Dorcas. Nikinyamaza, mimi ni wa nne katika watu walionyamaza. Jovinary anasema hii ndiyo sehemu bora ya kijitabu. Nimemwambia afunge mdomo.

15 Aprili

Mvua. Mguu unauma mvua ikikaribia, nimekuwa mtabiri wa hali ya hewa wa mtaa.

17 Aprili

Mkwe wa Bibi Modesta amepiga simu. Bibi amelazwa, presha imepanda. Nimeoga, nimefunga begi, kisha nikasikia barabara ya upande ule imekatika na maji. Nimekaa na begi mapajani.

20 Aprili

Barabara imefunguliwa jana. Nimemkuta wodini, amekaa kitandani, anabishana na muuguzi kuhusu uji. Afadhali. Nilimpa habari ya simu iliyozama, akasema, "Ziwa nalo linapenda nyimbo." Muuguzi akatuachia nusu saa.

Nilimuuliza moja kwa moja, kwa nini hakujitetea miaka yote hii.

"Nijitetee kwa nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mjukuu wane, mimi nilikuwa msaidizi wa Kabula. Nilijua kila neno. Kila usiku nilikuwa nasimama pembeni natamka maneno yake bila sauti. Na niliomba. Niliomba kwa Mungu Dorotea apate homa, homa ndogo tu, siku moja, nipande mimi. Sasa amepata damu. Nilipoambiwa nenda Dar, nilifurahi kwanza. Kabla ya kuhuzunika, nilifurahi. Basi alipogeukia ukutani nikaona ni haki. Sikupeleka maneno, lakini moyo wangu ulikuwa umepeleka."

Nikamuuliza kama alimjua aliyepeleka.

"Dorcas. Nilimwona anakimbia kwenda kwa Yakobo, hana viatu." Akatabasamu. "Alifanya vizuri. Ningemtaja, angefukuzwa kazi. Alikuwa na wadogo zake wanne anaowasomesha."

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje. Mwezi na nusu uliopita nilidhani nimepewa kazi ya kukaa tu na mabibi.

22 Aprili

Nimekwenda kwa Bibi Dorcas. Nikamwambia jambo moja tu: "Modesta alikuona siku ile. Anajua tangu mwanzo, na anasema ulifanya vizuri." Nilikuwa nimemwomba Bibi Modesta ruhusa ya kulisema. Sikuongeza kitu. Bibi Dorcas alirudi kushona, akashona pindo zima bila uzi ndani ya sindano.

25 Aprili

Bibi Dorcas kapita asubuhi mlangoni kwetu. "Jumamosi unipeleke Kirumba. Ngazi zile siziwezi peke yangu."

27 Aprili

Tulipanda polepole, mimi na mguu wangu mwembamba, yeye na magoti yake, tumeshikana. Bibi Dorotea alikuwa barazani anachambua dagaa kwenye ungo, Paskazia pembeni yake. Tukakaribishwa, tukapewa viti. Bibi Dorcas hakukaa.

"Dorotea, mimi ndiye niliyekwenda kwa Yakobo. Si Modesta. Niliona damu kwenye vazi, nikakimbia miguu mitupu."

Vidole vya Bibi Dorotea viliendelea. Aliondoa jiwe dogo, akalitupa. Paskazia alinitazama mimi, na kwa macho yake nikajua kwamba mama yake alikwisha kumwambia.

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Ukalifua kwa kitu gani?"

"Maji ya baridi na chumvi."

"Ndiyo maana lilitakata." Akaweka ungo chini. Akasimama, na kwa mara ya kwanza mgongo wake haukunyooka wote. "Usinisogelee kwanza, Dorcas. Kaa hapo."

Akaingia ndani. Tulikaa. Mvua ikanyesha yote iliyotaka kunyesha. Paskazia alileta chai, akamwekea Bibi Dorcas kikombe mkononi na kukifunga na vidole vyake mwenyewe, kwa kuwa vile vya bibi vilikuwa havishiki. Ilipita nusu saa, labda zaidi.

Bibi Dorotea akatoka amevaa gauni la kanisani na kitambaa cha kichwa.

"Miaka arobaini na moja nimemnyima mtu salamu," alisema. "Kivuko kinavusha hadi saa ngapi?"

"Bibi, Modesta ametoka hospitali juzi tu. Mvua hii..."

"Basi Jumamosi ijayo." Akabaki amesimama na gauni lake. Kisha akamgeukia Bibi Dorcas. "Na wewe utakuja. Ulikimbia miguu mitupu kwenda kusema langu, utakwenda na viatu kusema la Modesta."

Bibi Dorcas alilia kwa sauti kama mtoto. Bibi Dorotea akamwangalia, akavuta pumzi, akaenda akakaa karibu naye. Hakumkumbatia. Alikaa tu, bega kwa bega, akarudisha ungo mapajani, akauweka katikati yao wote wawili.

30 Aprili

Jua. Nguo zote za Mkuyuni ziko kwenye kamba.

4 Mei

Tumevuka. Bibi Dorotea hakukubali kukaa kivukoni, alisimama mbele kabisa ameshika chuma, na abiria walimpisha bila kujua kwa nini.

Bibi Modesta alikuwa amesimama kati ya mihogo yake. Alikuwa ameambiwa na mkwe wake tunakuja, lakini naona hakuamini hadi alipoona. Bibi Dorotea alisimama upande huu wa tope. Hakuna aliyesogea. Kisha Bibi Modesta akapiga goti moja kidogo, kama msichana.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Modesta," akasema Bibi Dorotea. "Na zile zote za nyuma, marahaba."

Nilikuwa na simu mfukoni. Sikuiwasha. Naandika hapa tu, hiyo inatosha.

Baadaye walikula viazi na kugombana. Bibi Modesta alimwambia mwenzake kila kitu, na maombi yake ya homa pia, na Bibi Dorotea akasema, "Nilijua unayatamka maneno yangu pale pembeni. Ulikuwa unanichanganya." Wakabishana kuhusu mstari mmoja wa barazani kwa mtemi hadi Bibi Dorcas akawaambia wote wamekosea, akausema yeye. Aliusikia mara mia mbili kutoka nyuma ya pazia.

11 Mei

Nimegombana na Jovinary. Anataka "kusafisha" Kiswahili cha Bibi Modesta, kila *r* irudi kuwa *l*, kama nilivyomwandika mimi humu kwa haraka. Nimekataa. Nimemsomea kwa sauti "jukwaa ra mbere", kisha nikamsomea kwa usafi wake. Akasema, "Acha."

16 Mei

Mwanga mzuri asubuhi, ziwa tambarare. Nimepanda meza zetu nne kwa mazoezi. Nimeshuka mzima.

20 Mei

Mama amesoma kijitabu chote, akiwa na miwani, bila kula. Alipomaliza ameuliza cha wakunga kinaanza lini.

25 Mei

Ukumbi wa parokia, Kirumba. Viti vilijaa, wengine walisimama madirishani. Wasichana wa kikundi chetu walisoma Bibi Modesta, na watu wa upande wa Sengerema walipiga vigelegele kila walipotajwa. Mimi nilisoma Bibi Dorotea, sehemu ya kiwanda na mazoezi. Kisha, kama alivyotaka mwenyewe, ile sehemu ya damu na sanduku akaisoma Paskazia.

Si mwigizaji. Alisoma kwa haraka, kidole kwenye mstari. Alipofika kwenye "nilitaka jukwaa kuliko yeye" hakusimama. Alimtazama mama yake kwenye kiti cha mbele, akaitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu anayesema *najua*, akaendelea. Akasoma za Bibi Dorcas, za beseni na miguu mitupu. Hapo akafunga kijitabu.

Akashuka jukwaani. Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Dorcas, safu ya pili, akapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo mama," akasema. "Nina miaka arobaini. Asante."

Kisha akamshika mkono, akampandisha. Bibi Dorcas hakutaka, alikuwa akisema "hapana, hapana, mimi ni wa nyuma," lakini Paskazia ni mtu wa kubeba magunia ya dagaa. Akamsimamisha katikati, akarudi kukaa kwa mama yake.

Mwanamke wa miaka sitini na nane, jukwaani kwa mara ya kwanza maishani, na gauni aliloshona mwenyewe. Aliangalia taa. Aliangalia sakafu, akaona uzi, akainama akauokota, akauzungushia kidoleni. Watu wakaanza kupiga makofi.

"Sasa nifanye nini?" aliuliza, akimtafuta Bibi Dorotea kwa macho.

Bibi Dorotea alijibu pale alipokaa, kwa ile sauti ya kwenye mashine ya pamba, na kila mtu alimsikia hadi madirishani.

"Usifanye kitu. Simama tu wakuone."